Tinti kwenye kioo kilichopinda: maliza mikunjo nje kabla ya kuingia ndani

Karibu kila wiki natumiwa picha moja, gari tu ndilo linabadilika. Ni kioo cha nyuma, karatasi ya tinti imeshabandikwa, na ukingo wa juu umejaa mikunjo iliyosimama kama vidole. Miwili mitatu imekandamizwa na kadi ikaacha mistari myeupe. Chini ya picha kuna swali: "Fundi, vioo vya milango nimeweka mwenyewe vikatoka safi. Hiki cha nyuma nimekosea wapi?"

Jibu langu ni lilelile, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote mara moja. Karatasi yako imeingia ndani ya gari ikiwa bado bapa, na kioo si bapa. Umbo la kioo hutengenezwa nje, juu ya mgongo wa kioo chenyewe, kwa joto, ganda la karatasi (ile plastiki angavu inayofunika gundi) likiwa bado halijabanduliwa. Karatasi ikiingia ndani iwe imeshapinda kama kioo kilivyopinda. Hapo kazi ya ndani inabaki kuwa kukamua maji tu.

Kioo cha mlango kimepinda upande mmoja, kama kopo, na karatasi hulizunguka kopo bila shida. Kioo cha nyuma cha Premio, Mark X au IST kimepinda kushoto kwenda kulia, na papo hapo kimepinda juu kwenda chini, kama mgongo wa chungu. Chukua karatasi ya daftari ufunike nayo mgongo wa chungu: ukiilaza katikati, kingo zinafanya mikunjo. Ziada hiyo haina pa kwenda mpaka uisinyaze kwa moto. Nadharia inatosha hapo.

Kama hujawahi kushika mashine ya joto, usianze na gari la mtu. Tafuta gereji yenye gari lililokufa, omba ufanyie mazoezi kwenye kioo chake cha nyuma. Au anza na Probox, ambayo kioo chake cha nyuma ni karibu bapa, ndipo upande kwenye IST, halafu Mark X.

Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya joto, ile yenye umbo la bastola inayopuliza hewa moto, ya wati 1500 hadi 2000, na iwe na sehemu ya kupandisha na kushusha joto. Draya ya saluni haifiki joto linalotakiwa. Itakuchosha mkono na mkunjo utaukuta palepale.
- Waya wa ekstensheni ulio mnene. Mwembamba hupata moto na kuyeyuka ukiuning'inizia wati 2000.
- Raba ya kukamulia maji yenye mpini, pamoja na kadi ngumu ya plastiki. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa ukiivisha kitambaa laini.
- Chupa mbili za kupulizia maji. Moja ikiziba katikati ya kazi utajua kwa nini nimesema mbili.
- Shampuu ya watoto, poda ya watoto, sponji, na kitambaa kisichotoa nyuzi.
- Kisu cha kukatia chenye wembe wa kuvunjavunja, na nyembe mpya za kutosha. Kioo kimoja cha nyuma kinaweza kula ncha tano au sita.
- Nailoni pana na taulo kuukuu za kufunika viti na spika.
- Mtu wa pili. Milangoni unaweza kuwa peke yako. Kioo cha nyuma kinataka mikono minne kwa dakika kama tano hivi, na dakika hizo ndizo zinazoamua kazi.

Maji yenyewe yaangalie. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi ikibaki kati ya karatasi na kioo huacha madoa ambayo hayatoki tena. Nunua maji ya kunywa, lita 5 zinatosha. Mimi natia matone sita hadi nane ya shampuu kwa lita moja. Ukizidisha, karatasi itateleza siku nzima na gundi itachelewa kushika. Ukipunguza mno, itanata kabla hujaipanga.

Dukani: hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa

Soma sehemu hii mara mbili. Karatasi ya tinti husinyaa vizuri kwa upande mmoja tu, nao ni urefu wa roli, yaani upande ule unaofunguka unapoivuta. Kwa upana wa roli haisinyai kwa kiasi cha kukusaidia. Mikunjo ya kioo cha nyuma husimama wima juu na chini, kwa hiyo ziada iliyopo ni ya kushoto kwenda kulia. Ili moto uile ziada hiyo, urefu wa roli lazima ulale kushoto kwenda kulia juu ya kioo.

Sasa tazama kinachotokea dukani. Tuseme kioo chako kina upana wa sentimita 130 na kimo cha sentimita 65. Ukiongeza nafasi ya kukata, unahitaji kipande cha 140 kwa 75. Roli nyingi za mafundi zina upana wa sentimita 152. Muuzaji anapima sentimita 75 za urefu, anakata moja kwa moja, anakupa kipande cha 75 kwa 152. Ukikilaza juu ya kioo kinafunika chote na kubaki, unaondoka umeridhika. Lakini upande wake mrefu ni upana wa roli. Ukifika kwenye moto, mikunjo itajikunja, itang'aa, itakuwa migumu, na haitalala hata ukeshe.

Mwambie muuzaji akupe sentimita 140 za urefu wa roli, halafu akupasulie katikati. Utapata vipande viwili vya 140 kwa 76: kimoja cha kioo cha nyuma, kingine cha milangoni, au cha kurudia ukiharibu. Unalipa zaidi, ndiyo, lakini hununui mara mbili. Zile roli ndogo za upana wa sentimita 50 zinazouzwa kwenye maboksi ni za milangoni, kioo cha nyuma cha gari nyingi hazikifuniki.

Kama karatasi unayo tayari na hujui ilikatwaje, chukua kipande cha ziada cha sentimita 10 kwa 10, kichoree mshale kwa kalamu ya wino mzito, kisha kipulizie moto. Upande utakaofupika ndio urefu wa roli.

Kuhusu giza, namba kwenye boksi ni asilimia ya mwanga unaopita. 35 hupitisha asilimia 35, na 5 ni giza tupu. Gari nyingi zinazotoka Japani huja na vioo vya nyuma vyenye giza la kiwandani, na giza hilo limo ndani ya kioo chenyewe. Ukiweka juu yake karatasi ya 20, usiku hutaona kitu ukirudi nyuma. Uliza pia sheria ya unakoishi kabla hujatoa hela. Wanaoniandikia kutoka Uingereza huwakumbusha kwamba kule vioo vya milango ya mbele lazima vipitishe walau asilimia 70 ya mwanga, na kioo chenyewe kinakula sehemu kabla hata hujabandika kitu.

Kazi yenyewe

1. Chagua saa na mahali. Kivulini, pasipo upepo, asubuhi mapema. Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Ukianza saa nane mchana juani, maji ya sabuni yanakauka chini ya karatasi kabla hujaisogeza sentimita mbili. Kama umeme wa kwenu hauaminiki, hakikisha una muda wa kutosha kumaliza hatua ya 8 kwa mkupuo mmoja.

2. Vua na funika. Toa mkono wa waipa ya nyuma kama upo. Toa taa ya breki ya juu ikiwa imekaa ndani, pamoja na ubao wa nyuma ya viti kama unatoka. Tandaza nailoni juu ya spika na amplifaya, halafu taulo juu ya nailoni. Maji utakayopulizia ndani ni mengi kuliko unavyodhani, na yote yanashuka huko.

3. Osha nje ya kioo. Sabuni kwanza, halafu wembe mpya ukiwa umelala, kioo kikiwa kimelowa. Gari linalolala chini ya mwembe huwa na vitone vya utomvu ambavyo macho hayavioni lakini kucha inavisikia. Pitisha vidole kioo kizima. Kitone kimoja kinatosha kuinua karatasi na kukupa mkunjo wa uongo, ukabaki kuuchoma bure. Hapohapo kagua kingo: kama kioo kina ufa au kimemeguka pembeni, simamisha kazi, umwonyeshe mwenye gari.

4. Kausha, paka poda. Kioo kikiwa kikavu kabisa, nyunyiza poda kidogo na uisambaze kwa kitambaa mpaka kiwe na ukungu mwepesi wote sawa. Poda ndiyo inayoiwezesha karatasi kuteleza inaposinyaa. Penye poda nyingi inaganda, pasipo na poda karatasi inashika kioo na kuvunjika.

5. Laza karatasi, ganda likikutazama. Ganda ni ile plastiki angavu inayofunika gundi. Kulijua, bandika vipande viwili vya selotepu kwenye kona, kimoja kila upande, kisha uvivute mbali. Upande utakaotoka na selotepu ukiwa angavu, usio na rangi ya tinti, ndio ganda. Lazima liwe nje, upande wako. Ukilaza kinyume, utamaliza kila kitu vizuri halafu ugundue ndani ya gari kwamba gundi inakutazama wewe badala ya kioo. Acha sentimita 4 au 5 za ziada pande zote.

6. Shika karatasi kwa herufi H. Inua upande mmoja, pitisha sponji yenye unyevu juu ya kioo kwa mstari wa wima karibu na ukingo wa kushoto. Fanya hivyo kulia. Halafu vuta mstari mmoja wa kulala katikati, kuunganisha hiyo miwili. Rudisha karatasi, ipapase kutoka katikati kwenda pembeni. Sasa imeshikwa pembeni na katikati, na ziada yote imesukumwa juu na chini. Mikunjo ikitokea pembeni, kushoto au kulia, H yako imelegea. Inua, rudia.

7. Gawa mikunjo. Usikubali mkunjo mmoja mkubwa wa upana wa kiganja. Uguse kwa kidole katikati, utagawanyika. Igawe tena. Mikunjo kumi na miwili myembamba inakufa upesi kuliko minne minene. Wanaoanza huona mikunjo mingi wakaogopa, lakini mingi na midogo ndiyo tunayoitaka.

8. Moto. Anza na joto la kati, mdomo wa mashine ukiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye karatasi. Anzia pale mkunjo unapozaliwa, karibu na mstari wa katikati, kisha panda taratibu kuelekea ukingoni, mkono ukiyumba kushoto na kulia kama mtu anayepepea jiko. Mkono usisimame.

Utakachokiona ni hiki: mgongo wa mkunjo unaanza kutetemeka, unakuwa na vikwaruzo vidogo kama ganda la chungwa, halafu unashuka wenyewe kama ngozi inayovutwa. Unaposhuka, ondoa moto, upapase kwa kiganja chenye glavu au kitambaa kikavu. Halafu nenda kwenye mkunjo wa mbali, si wa jirani, ili kioo kipate nafasi ya kupoa. Maliza juu kote, ndipo ushuke chini.

Makosa ya hapa ndiyo yanayogharimu, kwa hiyo nayataja moja moja. Kukandamiza mkunjo kwa kadi kabla haujasinyaa: unavunjika, na mstari mweupe unabaki milele. Kushikilia moto mahali pamoja: karatasi inafifia, inakuwa na rangi ya maziwa, inatoboka. Kupeleka moto kwenye mpira wa kioo, rangi ya bodi au plastiki ya taa: vinaharibika kabla ya karatasi.

Na lililo baya kuliko yote ni kukipasua kioo. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliung'ang'ania mkunjo mmoja wa kona ya chini, kioo kikiwa na kimeguko kidogo ambacho sikukikagua. Nikaona hautaki, nikapandisha joto, nikasogeza mashine karibu. Kioo kilitoa mlio mmoja na chote kikashuka punjepunje ndani ya buti, kwa sababu vioo vya nyuma vingi vimetengenezwa ili vivunjike punjepunje hivyo. Nilikilipa, na gari la mteja lililala kwangu siku tatu likisubiri kioo kingine. Tangu siku hiyo hatua ya 3 siiruki, na kona naiachia dakika kadhaa ipoe kabla ya kuirudia. Pia usipulize maji baridi juu ya kioo ambacho umetoka kukichoma sasa hivi.

9. Kagua kwa maji. Kioo kikipoa, inua karatasi, futa poda yote, pulizia maji ya sabuni, laza tena, kamua kwa raba kutoka katikati kwenda nje. Karatasi ikilala yote bila mkunjo, umeshinda kazi. Penye mkunjo uliobaki, upitie kwa moto mdogo hivyohivyo na maji, ukifuatisha raba mara tu unaposhuka. Usijiambie kwamba ulichokiacha hapa utakimalizia ndani. Ndani huna nafasi ya mkono wala ya mashine, na gundi haikusubiri.

10. Kata umbo. Kioo cha nyuma kina ukanda mweusi pembeni, na kwenye gari nyingi ukanda huo unaishia kwa vidoti. Kata ndani ya ule weusi mzito, nje ya vidoti, ili ukingo wa karatasi usionekane. Vunja ncha mpya ya wembe, ulaze, pita mara moja kwa mkono mwepesi. Ukibonyeza utachora kioo. Zungusha kona, usiziache na ncha kali, kwani kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Kabla ya kuinua, weka alama ndogo ya katikati juu ya ganda, na nyingine kwenye kioo.

11. Osha ndani. Zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zimebandikwa upande wa ndani. Wembe usizikaribie. Tumia sponji laini na sabuni, ukifuata nyaya zinavyolala, usikate juu yake. Ukikata waya mmoja, mstari huo wa kioo hautaondoa ukungu tena. Osha mara mbili, kamua, pulizia tena, na mara ya mwisho iwe dakika moja kabla karatasi haijaingia.

12. Bandua na ingiza. Nawa mikono, kunja mikono ya shati. Karatasi ikiwa bado nje juu ya kioo kilicholowa, mmoja anabandua ganda taratibu kutoka kona, wa pili anapulizia maji kwenye gundi nyuma yake, bila kuacha pakavu. Likitoka lote, lilazeni tena juu ya gundi, limelowa. Halishiki, linakinga vumbi tu. Viringisheni vyote kwa pamoja kama mkeka, bila kukandamiza mviringo, kisha ingieni nayo kupitia mlango wa nyuma. Ndani, pulizieni kioo tele, fungueni, linganisheni alama za katikati, ndipo mtoe ganda. Karatasi iliyotengenezwa vizuri itakaa kama kofia inavyokaa kwenye kichwa chake.

13. Kamua. Pulizia mgongo wa karatasi ili raba iteleze. Mkamuo wa kwanza katikati, kushoto kwenda kulia, kufuata nyaya. Kisha panda juu, kisha shuka chini. Mara ya kwanza mkono mwepesi, kuishika tu. Mara ya pili kaza. Ukingo wa chini, pale raba haifiki, tumia kadi iliyovishwa kitambaa, na kitambaa hicho kinyonye maji yanayotoka. Maji ukiyaacha pale yanarudi juu yakipumua.

14. Iache. Usiwashe kiondoa ukungu wala kugusa kingo. Kwa joto la Dar au Mombasa siku tatu hadi tano zinatosha. Mbeya, Njombe au Limuru wakati wa baridi, hesabu wiki moja na zaidi. Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni laini, si dawa za vioo zenye amonia.

Vioo vya milango

Hapa maelezo ni mafupi. Vingi havihitaji kusinyazwa, isipokuwa ukingo wa juu ambao wakati mwingine hutoa mikunjo miwili midogo. Imalize nje kwa njia ileile. Acha milimita 2 kutoka ukingo wa juu wa kioo ili mpira usiivute karatasi kinapopanda, na usishushe kioo siku tatu. Kioo kikubwa cha mbele, kile anachotazamia dereva barabarani, simfundishi anayeanza. Nacho kimepinda, na kosa lolote liko mbele ya macho yako usiku mzima barabarani.

Mambo yakienda kombo

*Mkunjo umerudi ukingoni baada ya siku moja.* Haukusinyaa, ulilazwa tu kwa nguvu. Kama gundi bado ni mbichi, inua sehemu hiyo kidogo, pulizia maji ya sabuni, pasha joto dogo kutoka upande wa nje wa kioo, halafu bonyeza kwa kadi kuelekea ukingoni. Ukiwa mkubwa kuliko upana wa kidole, kwa uaminifu, karatasi hiyo itolewe.

*Mistari myeupe iliyovunjika.* Haitengenezeki.

*Vifuko vya maji na ukungu.* Usivitoboe. Maji yanapita taratibu kwenye karatasi yenyewe, jua likisaidia. Vifuko vya hewa ni kitu kingine: ukivibonyeza vinahama lakini havipungui. Hivyo visukume nje siku ileile.

*Vipovu vyembamba kando ya nyaya za ukungu.* Waya una unene wake, karatasi inapita juu yake kama hema. Pitisha kadi taratibu kando ya waya, juu na chini yake, siku ya kwanza na ya pili. Vingi vinakwisha.

*Ukanda wa kijivu kwenye vidoti.* Rangi ya vidoti imeinuka, gundi haifiki kwenye kioo katikati yake. Kesho yake, maji yakiwa yamepungua, bonyeza kwa kadi ngumu kidoti kwa kidoti. Patakapobaki pamebaki, na ukiwa nje huoni.

*Chembe za vumbi.* Moja mbili ni kawaida hata kwangu. Zikiwa nyingi upande mmoja, angalia ulikokuwa umesimama: mara nyingi ni nyuzi za shati au mavumbi ya ubao wa nyuma ya viti uliorudishwa mapema.

*Redio imekuwa na mikwaruzo.* Gari lako lina antena ndani ya kioo cha nyuma, na karatasi uliyonunua ina madini. Hakuna marekebisho ila kuitoa na kuweka isiyo na madini.

*Nataka kuitoa nianze upya, lakini naogopa nyaya.* Subiri jua la saa sita. Lowesha kioo kwa nje kwa maji ya sabuni, bandika juu yake mfuko mweusi wa plastiki uliokatwa kwa umbo la kioo, na ndani pulizia karatasi maji ya sabuni kisha uifunike na mfuko mwingine mweusi. Funga milango, acha saa moja au mbili gari lijichemshe. Ingia, shika kona, vuta taratibu ukiwa umeilaza karatasi karibu na kioo, kufuata nyaya zinavyolala. Ikianza kuacha gundi, simama, funika tena. Gundi iliyobaki itoe kwa maji ya sabuni ya moto na sponji, na kikishakauka washa kiondoa ukungu, pumulia kioo, uone kama mistari yote bado inafuta.